Mnyoo anayeutumia mkono wa mtoto

Kwenye mikutano yetu swali hili linarudi kila mara: mtoto amepewa dawa ya minyoo, mbona baada ya wiki chache anaanza tena kujikuna usiku? Wengine wanasema ni sukari. Wengine wanamchapa, eti ana tabia mbaya. Sukari haizai minyoo, na mtoto hana kosa. Hila ni ya mnyoo, na tukiijua tutamshinda.

Mnyoo huyu ni mweupe, mwembamba kama uzi, urefu wake sentimita 1 hivi. Anaishi tumboni, lakini mayai yake yanapaswa kufika kwenye mdomo wa mtu. Basi usiku, mtoto akiisha kulala, mnyoo jike anatoka mpaka kwenye njia ya haja kubwa, anataga hapo juu ya ngozi mayai elfu 10 na zaidi. Hapo panawasha sana. Mtoto anajikuna, hata bila kuamka, na mayai yanaingia chini ya makucha. Asubuhi anatia kidole mdomoni, anashika mkate wa ndugu yake. Mnyoo hana miguu. Mkono wa mtoto ndio miguu yake.

Ndiyo sababu kumtibu mtoto mmoja hakutoshi. Dawa inaua minyoo, haiui mayai, na mayai yanaweza kukaa hai wiki 2 mpaka 3 kwenye mashuka na nguo. Tufanye hivi:

– Watu wote wa nyumba wameze dawa siku moja, na warudilie baada ya wiki 2. Kwa mama mwenye mimba na mtoto wa chini ya miaka 2, tuulize kwanza kwenye kituo cha afya.
– Tukate makucha ya watoto yawe mafupi.
– Mtoto akiamka tu, tumuoshe matako na kumbadilisha nguo ya ndani.
– Mashuka tusiyakung'utie ndani ya nyumba. Tuyafue kwa maji ya moto na kuyaanika juani.
– Wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na wakitoka chooni.

Na mtoto akijikuna usiku, tuache fimbo. Tuwashe taa, tumtazame: mara nyingi tutamkuta mwizi mwenyewe pale pale.