Bima ya Chombo Haianzi Siku ya Ajali

Kila mwaka, Dominika ya pili ya mwezi Julai, Kanisa huwaombea mabaharia, wavuvi na wote wanaotafuta riziki yao majini. Kwetu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, sala hiyo haihusu watu wa mbali. Katika parokia za visiwani na za mwambao, boti ndiyo daladala, ndiyo gari la wagonjwa, na mara nyingi ndiyo inayomfikisha padre kigangoni kuadhimisha Misa. Kwa hiyo usalama wa vyombo vya majini, pamoja na bima inayovikinga, ni jambo letu sote.

Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, vyombo vya majini na vivuko viliingizwa miongoni mwa mali ambazo sheria ya Tanzania inataka zikatiwe bima. Hatua hiyo ni njema. Mjane wa abiria aliyezama hapaswi kutegemea rambirambi za majirani peke yake, wala mvuvi aliyepoteza boti na injini hapaswi kuanza upya mikono mitupu. Hata hivyo, tunaiona hatari moja. Wako wamiliki wanaoichukulia hati ya bima kama karatasi ya kumwonyesha mkaguzi, kisha huifungia kabatini wakidhani kwamba wamemaliza wajibu wao. Ukweli ni kwamba mambo yanayomnyima mwenye chombo fidia ndiyo yale yale yanayowazamisha watu.

Bima hukinga dhidi ya hasara isiyotarajiwa. Haikuwekwa ili ilipie ubao uliooza kwa miaka mingi huku mwenyewe akiutazama. Kanuni za bima ya majini, ambazo nchi nyingi zilizirithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1906, zinasisitiza mambo mawili. La kwanza ni ukweli: anayekata bima hana budi kueleza kikamilifu chombo chake ni cha namna gani, kina umri gani na kinafanya kazi gani. La pili ni ufaafu wa chombo: mwenyewe akikiruhusu kiondoke hali akijua kwamba hakifai kwa safari, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa hasara iliyotokana na kasoro hiyo.

Tuchukue mfano wa boti iliyokatiwa bima ya uvuvi, ambayo siku ya gulio hubeba abiria, magunia ya mihogo na kreti za soda. Siku itakapopinduka, dai litaletwa kwa safari ambayo hati haikuitambua kamwe. Vilevile yafaa kutofautisha bima ya chombo na bima ya dhima. Ile ya kwanza humlipa mwenye chombo kwa mali yake iliyoharibika. Ile ya pili ndiyo inayowafikia abiria na familia zao. Boti inaweza kuwa na bima, na bado abiria wake wasiwe na kinga yoyote.

Historia ya ziwa letu inatufundisha kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikielekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliopoteza maisha wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Baada ya miaka 22, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliofariki walizidi 220. Idadi ya waliokufa peke yao ilikuwa zaidi ya mara mbili ya watu wote waliopaswa kuwamo.

Katika misiba yote miwili, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni watu wangapi waliopanda. Ndani ya MV Bukoba, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Watu huona kuandika majina kuwa usumbufu wa kuchelewesha safari, lakini orodha hiyo ndiyo inayowaongoza waokoaji kujua ni nani bado anatafutwa, na ndiyo ushahidi wa familia inayodai haki yake. Asiyeandikwa, ndugu zake watathibitishaje kwamba alikuwamo?

Kupunguza madai ya bima, basi, kunaanzia mwaloni kabla ya nanga kung'olewa. Mbao zikaguliwe na nyufa zikalafatiwe upya, maji ya ngama yakumbwe, na petroli iwekwe mbali na jiko na sigara. Jaketi za kujiokolea zivaliwe. Zikiwa zimefungwa kwenye gunia chini ya mizigo, hazitamfaa mtu. Mzigo mzito ukae chini na katikati, na abiria wasisimame wote upande mmoja chombo kinapokaribia gati. Boti inapolala, injini ifungwe vizuri na iwe na mlinzi, kwa maana wizi nao ni hasara. Matengenezo yote yaandikwe na stakabadhi zitunzwe, kwa sababu siku ya dai neno tupu halitoshi.

Hali ya hewa nayo ina kanuni zake. Ziwa hili, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, hutengeneza dhoruba zake lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa na pepo zake huvuma kuelekea ziwani, ambako maji yangali na joto. Zinapokutana huko, hewa hupanda na kufanya mawingu ya ngurumo. Ndiyo sababu dhoruba nyingi hupiga usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri. Nahodha anayeusikiliza na kuahirisha safari atapoteza mapato ya siku moja tu.

Wengine watasema kwamba gharama hizi ni mzigo kwa mvuvi mdogo. Ni kweli kwamba ni mzigo. Lakini madai yakizidi, ada ya bima hupanda kwa wote, na mvuvi huyo huyo ndiye wa kwanza kushindwa kuilipa. Vikundi vya usimamizi wa mialo na vyama vya ushirika vinaweza kununua jaketi kwa pamoja, kukaguana, na kutafuta bima kwa pamoja. Mwenye chombo kibovu huwaongezea gharama hata jirani zake wanaotunza vyao.

Kwa waamini, suala hili ni la dhamiri pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, chini ya Amri ya Tano, inafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, iwe barabarani, baharini au angani, wana hatia nzito. Nahodha aliyelewa na mwenye boti anayezidisha abiria kwa tamaa ya nauli wajipime kwa fundisho hilo.

Nasi abiria tusijitoe. Chombo hakijazi watu chenyewe. Sisi ndio tunaosukumana kupanda kilichokwisha kujaa. Kwaya zetu, vyama vya kitume na jumuiya ndogondogo hukodi boti kwa hija, arusi na mazishi, na mara nyingi swali la kwanza huwa ni bei. Viongozi wetu waulize kwanza kama chombo kina leseni ya kubeba abiria, kinaruhusiwa watu wangapi, jaketi zinatosha, na bima yake inawahusu abiria. Kisha waandike majina ya wote wanaopanda, na nakala moja ibaki parokiani. Jibu likikosekana, safari isubiri.