Mtungi Mwekundu Haujafa

Nilikuwa kwenye yadi moja ya vyuma chakavu pale Katoro, nikimsubiri fundi wa pikipiki, kijana mmoja alipoingia na gunia begani. Akalimwaga chini: rimu ya baiskeli, vipande vya nondo, springi ya gari, na mwisho kabisa mtungi mwekundu wa kuzimia moto, rangi imebabuka, mpira wake umekatika. Mwenye mizani akautundika, akasoma kilo tisa, akamwita mwenye grainda aje aukate. Nikapaza sauti wasiukate.

“Shikamoo, mzee. Huo ulishakufa zamani,” kijana akaniambia, akinionyesha mshale wa geji uliolala kwenye sifuri.

“Marahaba, mwanangu. Nani kakuambia umekufa?”

Ubavuni maandishi yalikuwa bado yanasomeka: unga kilo sita. Mtungi mtupu wa aina hiyo huwa na kilo tatu hivi. Tatu na sita ni tisa. Kwa maneno mengine, tangu ulipotundikwa ukutani hakuna aliyewahi kuubonyeza, na hiyo geji ya sifuri ilikuwa ushahidi dhaifu sana wa kifo chake. Geji hukwama. Unga nao ukikaa miaka bila kutikiswa huganda kama saruji iliyonyeshewa, ukaziba njia, na hewa ikabaki ndani.

Ndugu zangu wa Geita, sisi ndio watu wa mwisho tunaopaswa kuelezwa jambo hili. Mchimbaji wa Mgusu au Nyarugusu akipiga baruti saba akahesabu milio sita, hashuki. Tundu lililonyamaza analiogopa kuliko yale yaliyolia. Busara hiyo tunayo kwenye duara, yaani shimo la mgodi, lakini tukifika mjini tunaisahau: tunachukua chombo kilichojazwa presha, kikanyamaza, tukampa mtoto akauze apate hela ya daftari.

Na presha yenyewe si ya mzaha. Tairi la gari dogo hubeba kama baa mbili. Mtungi wa unga unapotoka kiwandani huwa na kama baa 14. Ule wa gesi ya kaboni dioksidi, wenye mdomo mpana mweusi mithili ya tarumbeta, unapita baa 50 hata kukiwa na ubaridi, na jua la saa nane mchana huipandisha haraka. Huo wa kaboni ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu kwa kawaida hauna geji kabisa. Mtu anautazama, haoni mshale, anahitimisha kuwa ni mtupu. Hali yake hujulikana kwa kuupima uzito na kulinganisha na ule uliogongwa kwenye chuma chake.

Kuna wanaosema, basi tutautupa kwenye duara lililoachwa. Hapana! Gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu. Ikivuja shimoni haipandi, inalala chini kama maji. Na maduara yetu hayaachwi kweli. Leo limeachwa, kesho kuna kijana anashuka na tochi kichwani kutafuta mabaki. Wala usiumwage unga wake kijitoni. Unga wa aina nyingi una fosfeti, ndugu wa mbolea, na maji ya huku mengi mwishowe humwagika Ziwa Victoria, ambako gugu maji halihitaji kurutubishwa zaidi.

Mwezi Novemba 2017, jirani zetu wa Ngara, Kagera, walizika wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga. Bomu la mkono lilikuwa limeokotwa likidhaniwa chuma chakavu, likafika shuleni. Mtungi wa zimamoto si bomu la vita, najua. Lakini mkono uliookota na tamaa iliyousukuma ni vilevile.

Sasa lawama iende kwa nani? Mimi simlaumu kijana. Namlaumu aliyenunua mtungi. Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, zilichipuka nyumba za wageni, vituo vya mafuta, maduka, na kila mahali pakatundikwa mitungi ili mkaguzi aione. Kanuni za Marekani huagiza mtungi wa unga wenye presha ya kudumu upimwe ganda lake kwa presha ya maji kila baada ya miaka 12, na wa kaboni kila baada ya mitano. Mitungi ya mwaka ule imekwisha kupita muda huo. Mwenye nyumba ananunua mipya, ya zamani anaitupa uani nyuma ya choo, anaona kazi imekwisha.

Haijaisha. Mtungi uliopitwa na muda uondoke kwako kwenda kwa wakala anayejaza na kuuza mitungi, au ukaulizie ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji; namba yao ya dharura, 114, iache kwa wenye moto. Wenye ujuzi watatoa hewa, watafungua kichwa, watatoboa ganda ili asije mjanja akalipaka rangi na kuliuza tena. Hapo ndipo linakuwa chuma. Kama mtungi bado ni mzima, hauna kutu wala kibonyeo, waombe wautumie kufundishia wafanyakazi wako, uwanjani, upepo ukiwa mgongoni. Wengi wetu hatujawahi hata kuchomoa pini.

Na nyinyi wenye yadi, mnaotakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya mazingira kwa biashara hiyo, msipokee mtungi uliofungwa.

Yule mwenye mizani wa Katoro nilimhubiria haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mzee yeyote anayechelewesha kazi. Kisha akautazama tena mtungi, akayatazama maandishi, akaitazama mizani.

“Kwa hiyo mzee, kilo sita hapa ni unga? Nilikuwa nalipia unga kwa bei ya chuma?”

Nikamwambia ndiyo. Akamgeukia mwenye grainda akamwambia azime mashine, na kijana akaambiwa kuwa kuanzia siku ile mitungi ya namna hiyo haipimwi pale.