Mji Usile Kibanja



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya kukua kwa miji yetu, Bukoba na Muleba. Wako wanachama wanaosema kwamba mji ni adui wa shamba, kwa kuwa vijana huacha jembe wakaenda kuendesha pikipiki. Mimi siafikiani nao. Tangu Emin Pasha alipojenga boma Bukoba mwaka 1890, mji huu umeishi kwa mazao ya wenyeji, na wenyeji wakapata humo gati, soko na shule. Kahawa ya maganda ikikosa barabara, ghala na mnunuzi, hubaki kuwa maganda tu.

Zamani Serikali iliuona mji kama mgeni mzigo. Miaka ya 1970 mabaraza ya miji yalivunjwa nchi nzima, na kazi zao zikatiwa mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana. Na kipindupindu kilipozuka nchini mwaka 1977 hasara ikaonekana wazi. Mwaka 1978 sheria ikayarudisha mabaraza. Kisha mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, wasio na kazi wakakamatwa mijini wapelekwe mashambani. Wengi hawakukawia kurudi, maana mtu hafundishwi kulima kwa kukamatwa.

Siku hizi hatari imegeuka. Mji haufukuzwi tena. Waachwa utambae upendavyo. Tazameni njia itokayo Bukoba kwenda Muleba: nyumba na maduka yafuata barabara, na misingi yachimbwa penye migomba na mibuni. Mgeni aweza kuuliza, migomba michache ni kitu gani? Ajue ya kwamba udongo wa kibanja haukushuka kwa mvua. Wazee waliutengeneza kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe, majani yaliyokatwa rweya, na maganda ya jikoni, hata ardhi iliyokuwa hafifu ikalisha ukoo mzima. Kibanja kilichofunikwa kwa saruji hakirudi. Rweya iliyo jirani ni maskini kwa kilimo, lakini yaweza kubeba nyumba.

Najua nitakavyojibiwa: rweya ndiyo itupayo majani na malisho. Ni kweli, wala sisemi ijengwe yote. Nasema ipimwe kwanza, sehemu ya kujenga ijulikane na sehemu ya majani ijulikane. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo. Kuchora njia, mitaro na mabomba ya maji kabla ya watu kujenga ni gharama ndogo kuliko kubomoa baadaye na kulipa fidia.

Nasi makarani tusijitoe katika lawama. Wangapi kati yetu wamekata kibanja cha baba wakajenga vyumba vya kupangisha? Mimi mwenyewe niliuza kipande, na sasa ndizi nanunua sokoni.

Basi naomba mkutano wetu ujao uandike barua kwa Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Muleba, kuuliza ni rweya ipi itakayopimwa mwanzo, nani atalipia upimaji, na fidia atapewa nani pale ambapo rweya ni ya kijiji kizima.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Bukoba