Anayewapima Watoto Wetu Naye Apimwe

Kila mwaka majira ya KCSE yanapowadia, askari wenye bunduki hulinda makontena kutoka Isebania hadi Kendu Bay. Ndani yake mna karatasi za mtihani. Nchi nzima hukaa kwa wasiwasi, na swali linaloulizwa makanisani, sokoni na redioni huwa ni moja tu: je, karatasi zimevuja? Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine linalolitangulia, nalo haliulizwi. Je, kile kitakachopimwa kilifundishwa? Na yule anayepima, ni nani anayempima yeye?

Tunauliza hivyo hasa kuhusu somo la hisabati, kwa sababu ndilo lango ambalo hakuna mtoto wa Kenya anayeweza kulizunguka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na watahiniwa wake wa kwanza walipofanya KCSE mwaka 1989, hisabati ilikuwa ya lazima pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ililegeza masharti ya kukokotoa gredi ya jumla. Tangu hapo huhesabiwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Tazama vizuri maana yake. Aliyeshindwa na Kiingereza anaweza kuokolewa na Kiswahili. Aliyeshindwa na fizikia anaweza kuokolewa na kilimo au somo la dini. Aliyeshindwa na hisabati hana wa kumwokoa.

Kisha ukaja mfumo mpya wa umilisi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wananchi waliambiwa kwamba katika sekondari ya juu hisabati haitakuwa ya lazima. Kelele zikapigwa na wazazi, walimu na wataalamu, na mwezi Aprili mwaka huo Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba somo hilo litafundishwa kwa wote, ila kwa namna mbili: hisabati pana kwa wanafunzi wa mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi, na hisabati nyepesi ya mahitaji ya maisha kwa wale wa mikondo ya sayansi za jamii na ya sanaa na michezo. Gredi ya 10 ya kwanza ikaingia darasani Januari 2026. Wanafunzi hao watahitimu mwaka 2028, mwaka mmoja baada ya KCSE ya mwisho ya 8-4-4.

Msimamo wetu ni wazi: hisabati na iwe ya lazima. Hatukubaliani na wanaosema kwamba kuiondoa ni huruma kwa maskini. Maskini ndiye anayeihitaji zaidi. Mama anayenunua omena Mbita au Sori na kuziuza kwa gorogoro anaishi kwa hesabu. Mkulima anayepeleka miwa kwenye mizani ya kiwanda cha SONY, Awendo, asipojua kukokotoa tani, bei na makato, atalipwa chochote atakachoandikiwa. Kijana anayechimba dhahabu Macalder huuza kwa gramu, na mnunuzi ndiye mwenye mizani. Mahali pote ambapo mnyonge hupunjwa, hupunjwa kwa tarakimu. Ndiyo maana manabii wa kale, Amosi akiwamo, walikemea mizani ya hila kwa ukali uleule waliokemea nao ibada ya sanamu.

Aidha, sisi tuliopigania vyama vingi tunajua kwamba tarakimu ni siasa. Mwaka 1988, katika uteuzi wa mlolongo, sheria ya chama tawala ilisema kwamba atakayepata asilimia 70 amepita bila kupigiwa kura ya siri. Watu walisimama foleni mchana kweupe, na bado foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Mwaka 1992 tukaletewa sharti la asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Leo Katiba inadai nusu ya kura na ziada, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Raia asiyejua asilimia ni nini hawezi kuilinda kura yake. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mtoto wa Nyatike au Ndhiwa haihitaji hisabati, anatuandalia raia atakayehesabiwa bila yeye mwenyewe kujua kuhesabu.

Lakini neno lazima lina pande mbili. Serikali inapomlazimisha mtoto afanye mtihani, yenyewe inajilazimisha kumpa mwalimu. Je, upande huo umetimizwa? Mwaka 2005 wastani wa hisabati ya KCSE kote nchini ulikuwa karibu alama 16 kwa mia. Kati ya mwaka 2010 na 2014 haukufika 30 hata mara moja. Mtoto mmoja akipata 16, tutamwuliza mtoto. Darasa zima likipata 16, tutamwuliza mwalimu. Taifa zima likipata 16, huku karatasi ni zilezile mbili, kila moja ya saa mbili na nusu, zenye maswali 16 ya lazima na mengine manane ya kuchagua matano, basi wa kuulizwa ni wale waliopanga mambo yote: mtaala, walimu, vitabu na mtihani wenyewe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye siri. Mtahiniwa wa KCSE hapewi alama zake. Hupewa gredi tu. Kiwango cha alama kinachotenganisha gredi moja na nyingine huamuliwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani baada ya kusahihisha, na mzazi haelezwi kimewekwa wapi wala kwa nini. Msichana wa Karachuonyo aliyepata D+ katika hisabati hajui kama alikosa C- kwa alama moja au kwa ishirini. Hawezi kujua ajirudie kwa mwaka mmoja zaidi au aache. Zamani karatasi zetu zilitungwa Cambridge, ng'ambo ya bahari. Kisha mwaka 1980 Bunge likaunda Baraza letu wenyewe. Tulipata uhuru wa kuutunga mtihani, bali hatujapata bado uhuru wa kuuelewa.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza viwango hivyo kutazua ugomvi na kesi. Hoja hiyo tumeisikia zamani, wakati tulipodai kura zihesabiwe katika kila kituo na matokeo yabandikwe mlangoni. Tuliambiwa kutatokea fujo. Leo fomu ya kituo hubandikwa mlangoni, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, ikaamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Nchi haikubomoka kwa uwazi huo. Ikiwa kura ya mtu mzima inastahili uwazi, jasho la mtoto la miaka 12 darasani linastahili pia.

Sasa tuseme juu ya aibu yetu. Majina ya Migori na Homa Bay yametajwa mara kwa mara pamoja na ya majirani zetu wa Kisii na Nyamira kila udanganyifu wa mitihani unapozungumziwa. Tusijifiche nyuma ya madai kwamba tunaonewa. Yapo makundi ya wazazi waliochanga pesa za kununua karatasi, na miongoni mwao wamo watu wanaoketi viti vya mbele ibadani. Tukumbuke kwamba wanafunzi wa Kenya huiita karatasi ya kuibia mtihani mwakenya, jina la kundi la siri ambalo wafuasi wake walisakwa na kufungwa mwaka 1986 kwa sababu ya maandishi ya kudai haki. Ni huzuni kwamba jina lililowapeleka watu kizuizini limebaki kuwa jina la wizi. Mzazi anayenunua swali la hisabati anamwibia mtoto wa jirani aliyekesha kwa kibatari, na anamwibia mwanawe pia, kwa kuwa gredi ya kununua haimsaidii mtu kusoma mizani ya Awendo.

Hata hivyo, tofauti ipo kati ya kulaumu na kuelewa. Udanganyifu katika hisabati hauanzi usiku wa kuamkia mtihani. Huanza pale shule ya kutwa inapomaliza muhula mzima bila mwalimu wa somo hilo, akapewa mwalimu wa historia alishikilie, au akaajiriwa kijana wa bodi anayelipwa kwa michango ya wazazi na kuondoka mara anapopata kazi bora. Tangu mwaka 2016 serikali imetia bidii kuyalinda makontena. Laiti ingetia bidii kama hiyo kuhakikisha kwamba kila darasa lina mwalimu. Matokeo ya kituo kizima yanapozuiliwa, mtoto asiye na hatia huadhibiwa pamoja na mwenye hatia, lakini aliyeshindwa kumpa mwalimu haguswi.

Hofu yetu kubwa zaidi ni hizo hisabati mbili. Kwenye karatasi, mwanafunzi anachagua mkondo. Lakini shule zimegawanywa katika makundi manne, na zile za kutwa zilizo chini kabisa ndizo zenye maabara chache na walimu wachache. Katika kisiwa cha Mfangano au vijiji vya Ntimaru, anayemchagulia mtoto ni umbali, karo na upungufu wa mwalimu. Serikali imesema inataraji asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi. Watatoka wapi, ikiwa shule iliyo karibu nao haina anayeweza kufundisha hisabati pana? Bila hadhari, hisabati pana itakuwa ya watoto wa wenye nacho, na nyepesi itakuwa ya watoto wetu. Jambo hilo si geni. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba Mwafrika apewe elimu inayolingana na mazingira yake, yaani ya shamba na kazi za mikono, na serikali ya kikoloni ikaipokea kwa furaha. Wazee wetu waliikataa elimu ya daraja la pili ilipoletwa na mgeni. Hatuna sababu ya kuipokea ikiletwa na mwenyeji.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, Baraza la Mitihani limpe kila mtahiniwa alama zake, na litangaze kila mwaka viwango vya gredi za hisabati pamoja na sababu zake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imeeleza njia ya kuzidai.

Pili, Tume ya Huduma za Walimu ichapishe orodha ya walimu wa hisabati kwa kila shule ya kaunti hizi mbili, ikitenganisha walioajiriwa na Tume na walioajiriwa na bodi. Pasipo na mwalimu, apelekwe kabla ya mtihani, si baada ya matokeo mabaya.

Tatu, kila kaunti ndogo, kuanzia Suba hadi Kuria Mashariki, iwe na shule za kutwa zinazofundisha hisabati pana. Na anayesoma ile nyepesi awekewe njia ya kuvuka baadaye akitaka, ili uamuzi wa mtoto wa miaka 15 usiwe hukumu ya maisha.

Nne, mtihani wa mwaka 2028 utungwe kwa kuwasikiliza walimu wa shule za kutwa, na tathmini za shuleni zihesabiwe kwa uaminifu. Katika kupanga wanafunzi wa kuingia Gredi ya 10, mtihani wa mwisho ulichukua asilimia 60, na nyingine 40 zikatoka kwenye tathmini za miaka iliyotangulia. Mpango huo ni mwema, kwa kuwa mtoto hahukumiwi kwa saa chache tu. Lakini utaharibika mara moja iwapo alama za shuleni zitapikwa.

Na kanisa lina kazi yake. Waadventista walipofika Gendia mwaka 1906, na Wakatoliki walipojenga baadaye Asumbi na Rapogi, shule ilisimama kando ya kanisa. Urithi huo haujaisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wa shule nafasi tatu katika bodi, na wazazi nafasi sita. Ndugu zetu mnaokalia viti hivyo, msiende mkutanoni kufungua kwa sala na kufunga kwa sala tu. Ulizeni: muhula huu vipindi vya hisabati vilikuwa vingapi, vilivyofundishwa ni vingapi, na aliyevifundisha ni nani? Andikeni jibu katika kumbukumbu za mkutano. Muhula ujao ulizeni tena, kisha msomee waumini majibu yote mawili.

Asiyekuwapo na lake halipo. Wakati wa kuingia katika mazungumzo ya mtihani wa 2028 si siku ya matokeo, wakati mama analia na baba amenyamaza. Wakati huo ni sasa, katika bodi, katika vikao vya umma vya kaunti, na katika barua za kudai habari zitakazotiwa sahihi na wazazi wengi wa shule moja. Tulikataa kuhesabiwa kwa mlolongo. Tukatae pia watoto wetu wapimwe kwa mizani tusiyoruhusiwa kuitazama.