Wanaosaka majangili nao waape
Na Kasyoka Muthiani

Wakazi wa Mutha, Voo na Endau wamechoka kuzika. Kiangazi kikikaza, ngamia huingizwa kutoka upande wa Tana River na Garissa hadi mashamba ya Kitui Mashariki na Kitui Kusini. Ugomvi wa malisho na maji huishia kwenye bunduki, familia hukimbia boma zao, na kilio huwa kile kile: serikali ilete askari wawasake majangili. Nakiunga mkono kilio hicho. Mkulima wa Mutha ana haki ya kulala usingizi sawa na mkazi wa Nairobi.

Ila nadai na jambo jingine. Operesheni ikiisha, makamanda walioiongoza waitwe mbele ya uchunguzi rasmi, waape, waulizwe maswali hadharani. Kikao kifanyike huku huku Kitui, mkalimani wa Kikamba awepo, na wa Kisomali pia.

Sisi wa ukanda huu tunajua kinachotokea msako unapokosa wa kuuhoji. Ukiishika barabara ya Mwingi ukapita Nguni na Ukasi, unatokea Garissa. Novemba 1980, jambazi aliyeitwa Abdi Madobe aliwaua maafisa wa serikali mjini humo. Badala ya kumwandama yeye, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa wa Bulla Kartasi, vikawakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi na kuwaweka hapo, wake kwa waume. Februari 1984 ikawa zamu ya Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walizolewa kwa jina la kusaka silaha, wakafungiwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla bila maji wala chakula, wengi wakauawa. Awali serikali ilikiri vifo 57 tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, ilikadiria waliokufa kuwa karibu elfu moja.

Hesabu mbili hizo zinatosha kumkosesha mtu usingizi. Pengo lililo kati yazo ni baba za watu.

Waathiriwa walisubiri hadi 2011 ndipo wakasikilizwa na tume mjini Garissa na Wajir. Wajane walieleza waliyoyaona. Wakuu wa zamani wa utawala na usalama nao walipoitwa, wakakana kuhusika. Mwenyekiti mwenyewe, Balozi Bethuel Kiplagat, alikuwa amelazimika kukaa kando kwa muda, miongoni mwa sababu ikiwa kwamba alikuwemo katika ujumbe wa maafisa waliozuru Wajir siku chache kabla ya mauaji. Zaidi ya robo karne ilikuwa imepita. Baada ya muda huo, kumbukumbu ya afisa mstaafu humsaidia pale tu anapotaka.

Ndiyo maana napigania karatasi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inakitaka kila kituo kiwe na kitabu cha matukio, ile OB tunayoijua sote: kurasa zenye mistari, saa upande mmoja, tukio upande wa pili, afisa wa zamu akiandika kwa kalamu ya wino. Sheria hiyo hiyo inataka askari aliyefyatua risasi ikaua au kujeruhi aripoti kwa mkubwa wake, na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ijulishwe. Kwa hiyo kamanda akiwa kizimbani asiulizwe kama anakumbuka. Afunguliwe ukurasa: nani alichukua bunduki gani, ikiwa na risasi ngapi, na ilirudi na ngapi? Aliyekufa aliandikwa kwa jina lake, au aliandikwa "jangili" tu?

Wapo watakaosema namvunja askari moyo. Nawakumbusha Baragoi, Novemba 2012. Zaidi ya maafisa 40 waliviziwa na kuuawa katika bonde la Suguta wakifuata mifugo iliyoibwa, wengi wao vijana waliotoka chuoni juzi tu. Nani aliwatuma mahali pale, kwa taarifa gani, kwa mpango wa nani? Swali hilo ni la wazazi wa askari kabla halijawa la mwanaharakati yeyote. Konstebo hana kinga bora kuliko amri iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mkubwa wake.

Makueni wasidhani haya ni ya Kitui peke yake. Kati ya Kitui Kusini na Kibwezi Mashariki kuna Mto Athi tu, na anayekimbia msako havuki na kitambulisho mkononi. Askari watamfuata, na atakayekutwa njiani anaweza kuwa mchungaji asiyejua lolote.

Basi nawaomba wabunge na maseneta wa kaunti hizi mbili: mnapomshinikiza Waziri wa Usalama wa Ndani alete operesheni, mtakeni siku hiyo hiyo aahidi kwa maandishi uchunguzi wa hadharani, na OB za vituo vyote vinavyohusika zihifadhiwe kuanzia siku ya kwanza.