Ulevi Haukumfundisha Mtu Tarumbeta

Ipo dhana iliyozagaa miongoni mwa wapenzi wa muziki, na baadhi ya wanamuziki wenyewe wameipokea kwa mikono miwili, ya kwamba fundi wa ala hawi fundi mpaka awe mlevi. Eti chupa humfungulia mlango ambao mtu mwenye akili zake timamu hawezi kuufungua. Ushahidi wa dhana hii huletwa mara nyingi kutoka Marekani, kwa wapiga tarumbeta wa mwanzo wa muziki wa jazi, ambao kadhaa kati yao walikufa wangali vijana na wakaacha santuri ambazo dunia ingali inazisikiliza. Sisi tunaipinga dhana hiyo, na tunapenda kuipinga papo hapo inapojidai kuwa na nguvu.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Hapa kwetu neno jazi limechukua maana yake ya kienyeji. Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz zilikuwa bendi za dansi, na gitaa ndilo lililokuwa bwana wao. Leo hatuzungumzii hao, Mungu awarehemu waliotangulia. Tunazungumzia muziki uliozuka New Orleans katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, miongoni mwa wajukuu na vitukuu wa watumwa, ambao tarumbeta na korneti ndizo zilizoongoza msafara.

Mtu anayetolewa mfano kuliko wote ni Leon Beiderbecke, maarufu kwa jina la Bix. Alizaliwa Machi 10, 1903 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi. Alikuwa Mzungu, mtoto wa familia yenye kujiweza na yenye asili ya Ujerumani. Korneti, ambayo ni ndugu wa tarumbeta aliye mfupi zaidi, alijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza santuri na kuzifuatisha, na kwa sababu hiyo vidole vyake havikufuata kanuni za walimu wala hakupata kuwa msomaji mahiri wa nota. Mwaka 1921 wazazi wake walimpeleka shule ya bweni huko Lake Forest, wakitaraji masomo yatamtenga na muziki. Walisahau kwamba shule hiyo i karibu na Chicago. Mwaka uliofuata alifukuzwa kwa kutoroka usiku kwenda katika vilabu vya mji huo.

Sasa tuwaulize wale wanaosema chupa ndiyo iliyompa Bix sauti yake: kazi zake bora alizifanya lini? Mwaka 1925 na 1926 alikuwa St. Louis, katika bendi iliyoongozwa na rafiki yake Frankie Trumbauer, mpiga saksafoni aliyemzidi umri kwa miaka miwili tu lakini aliyekuwa kwake mfano wa kaka mkubwa. Trumbauer alikuwa mtu wa nidhamu. Alimhimiza ajifunze kusoma nota na alimsimamia kazini. Tunda la urafiki huo lilionekana Februari 1927, walipoingia pamoja studio na kurekodi "Singin' the Blues". Anayeisikiliza santuri hiyo husikia korneti isiyopiga kelele wala kutafuta sifa, kila nota imewekwa mahali pake kama mtu anayechagua maneno kabla ya kusema. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefikiri. Miaka 2 na nusu baadaye, ulevi ulipokwisha kumshika sawasawa, mikono ilitetemeka na pumzi ikapungua. Ikiwa chupa ndiyo mwalimu, mbona mwanafunzi alizidi kusahau kadiri alivyozidi kuhudhuria darasa?

Lakini hatutaki kuishia kwa Bix mwenyewe, kana kwamba jambo hili lilikuwa aibu ya mtu mmoja dhaifu. Lazima tuitazame hali ya kazi iliyokuwapo. Kuanzia Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kusafirisha na kuuza vileo, na marufuku hiyo haikufutwa mpaka Desemba 1933. Bix alikuwa na umri wa miaka 16 ilipoanza, na alikuwa kaburini ilipokwisha. Maana yake ni kwamba maisha yake yote ya kazi yalipita katika miaka ambayo pombe ilikuwa ni ya magendo tu. Ilipikwa vichochoroni kama gongo, au ilitokana na spiriti ya viwandani ambayo serikali iliamuru itiwe sumu ili isinyweke, na wafanyabiashara wakaisafisha nusunusu na kuiuza hivyo hivyo. Watu wengi walikufa, wengine wakapofuka. Sheria ilikuwapo, na ulevi ulikuwapo, na katikati yao alikaa mfanyabiashara akihesabu faida. (Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifunzwa kwamba katika Uislamu kileo hakikukatazwa kwa siku moja. Katazo lilikuja kwa hatua, nyoyo zikatayarishwa kwanza. Wabunge wa Washington hawakuwa na subira hiyo.)

Nani basi aliyekuwa mwajiri wa mwanamuziki katika miaka hiyo? Ni mwenye klabu, na mwenye klabu mara nyingi alikuwa ndiye muuza magendo. Cotton Club ya Harlem, jijini New York, ilikuwa mali ya Owney Madden, jambazi aliyekuwa akiuza bia yake mwenyewe humo. Wapigaji na wachezaji walikuwa weusi, wateja walikuwa Wazungu. Muziki ulikuwa chambo, pombe ndiyo ndoana. Mpiga tarumbeta aliingia kazini usiku na kutoka alfajiri, na kitu pekee kilichokuwa tele mahali pake pa kazi ni kile kile kilichokuwa kikimuua. Tunajua ya kwamba msomaji anayefahamu maisha ya wanamuziki wetu wa baa hatahitaji kuelezwa zaidi. Wapo mpaka leo wenye kumbi wanaoona tabu kulipa ujira kwa wakati, lakini kreti ya bia huileta jukwaani wakicheka.

Katika klabu hiyo ya Madden, tangu Desemba 1927, alifanya kazi James Miley, aliyeitwa Bubber, katika bendi ya Duke Ellington. Huyu alizaliwa Aiken, South Carolina, mwaka 1903, mwaka ule ule wa Bix. Alikwenda Chicago akamsikiliza Joe Oliver akiziba na kuzibua mdomo wa korneti yake, naye akaiendeleza mbinu hiyo mpaka tarumbeta ikanguruma, ikalalamika na kulia kama mtu. Ellington, ambaye baadaye aliheshimiwa duniani kote, alijengea sauti ya bendi yake juu ya mngurumo huo, na "East St. Louis Toodle-Oo", waliyoitunga pamoja, ikawa wimbo wa kujitambulisha wa bendi kwa miaka mingi. Miley mwenyewe hakudumu. Alikuwa haaminiki kufika kazini kwa sababu ya ulevi, na mwaka 1929 akatoka katika bendi. Mngurumo ulibaki, akapewa mwingine aupige. Hatumlaumu Ellington kwa kutaka watu wafike kazini. Tunasema tu kwamba mali ya Miley ilibaki kazini na mwenye mali akawa nje.

Tuje sasa kwenye jambo linalotuuma zaidi. Louis Armstrong, mtoto wa mafukara wa New Orleans aliyekuwa bingwa wa wote, alimpenda Bix na kumheshimu, na Bix alimheshimu yeye. Armstrong alisimulia baadaye jinsi walivyokutana Chicago baada ya saa za kazi, milango ikiwa imefungwa na wateja wamekwisha kwenda zao, wakapiga pamoja kwa raha yao wenyewe. Kwa nini milango ifungwe? Kwa sababu mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kukaa jukwaa moja mbele ya watu. Mabingwa wawili wa ala moja, marafiki, na hakuna santuri hata moja iliyowakutanisha. Kila aliyenunua santuri za miaka ile aliibiwa kitu hicho, Mzungu na Mweusi sawasawa.

Studio, ambako hakuna anayeona, ilikuwa na uhuru kidogo. Mei 21, 1930 mtunzi Hoagy Carmichael, rafiki mkubwa wa Bix, aliwakusanya wapigaji mjini New York kurekodi wimbo wake "Rockin' Chair". Miongoni mwao walikuwamo Bix, na Bubber Miley. Walikuwa na umri wa miaka 27 kila mmoja, wote wawili wameachana na bendi zilizowapa jina, wote wawili wagonjwa wa kitu kimoja. Bix alikufa Agosti 6, 1931. Miley alikufa kwa kifua kikuu Mei 20, 1932, ikiwa imebaki siku moja itimie miaka 2 tangu siku ile ya studio.

Je, marafiki walifanya nini? Hapa tunataka tuwe waadilifu. Paul Whiteman, aliyekuwa na bendi kubwa na tajiri kuliko zote, alipoona Septemba 1929 kwamba Bix hawezi tena, alimrudisha kwao Davenport na akaendelea kumlipa kwa muda. Ni waajiri wachache wa zama zile waliofanya hivyo. Mwezi wa Oktoba Bix akaingia hospitali ya walevi huko Dwight, Illinois, akakaa zaidi ya mwezi. Kisha akarudi New York, katika kazi ile ile, saa zile zile za usiku, na rafiki wale wale ambao kwa desturi ya siku hizo hawakumtembelea mtu mikono mitupu. Alifia katika chumba cha kupanga huko Sunnyside, Queens. Madaktari waliandika nimonia. Alikuwa na miaka 28. Carmichael alimlilia kwa dhati, na mwanawe wa kwanza alimwita Hoagy Bix. Davenport nayo imemfanyia tamasha la kila mwaka, na tangu 1975 zipo na mbio za maili 7 zenye jina lake. Ni vizuri kukumbukwa. Ila Trumbauer wa St. Louis, aliyemwambia rafiki yake asome nota na alale mapema, ndiye aliyempenda alipokuwa hai kwa namna iliyomfaa.

Atatokea mtu wa kutuambia kwamba basi dawa ni moja tu, mwanamuziki aache pombe na mambo yake yatanyooka. Huyo tunamkumbusha Joe Oliver, aliyeitwa King. Oliver hakuwa mlevi. Udhaifu wake ulikuwa sukari na chakula kingi. Ndiye aliyemlea Armstrong kimuziki: alimpa korneti yake kuukuu, mkewe akampa chakula, na mwaka 1922 akamwita Chicago ajiunge na bendi yake, ndipo dunia ilipoanza kumsikia Armstrong. Lakini ufizi wake uliugua, meno yakatoka, na mpiga korneti asiye na meno ni kama mvuvi asiye na nyavu. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulimmaliza. Hakukuwa na bima, pensheni, wala chama kilichomsimamia mpaka mwisho. Mwaka 1937 Armstrong alipita Savannah, Georgia, na kwa maelezo yake mwenyewe alimkuta mwalimu wake akiuza mboga. Akampa fedha alizokuwa nazo, na wenzake wa bendi wakachanga. Baadaye Oliver alifagia ukumbi wa mchezo wa biliadi mjini humo humo. Barua zake kwa dada yake, zilizokuja kuchapishwa, zinaonyesha mtu mwenye adabu na subira, anayehesabu senti za matibabu. Alikufa Aprili 1938.

Kwa hiyo mlevi alikufa maskini na asiye mlevi alikufa maskini. Pombe iliharakisha, lakini si yenyewe iliyopanga ujira.

Wengine hawakupata funzo hata kwa kuona. Bunny Berigan wa Wisconsin, aliyezaliwa 1908, alijua habari za Bix vizuri kuliko sisi. Mwaka 1937 aliirekodi "I Can't Get Started", akaimba na kupiga tarumbeta kwa sauti nene na pana ambayo wapigaji wengi waliiogopa. Mwaka huo huo aliunda bendi yake, na mwaka 1939 ikafilisika. Alikuwa sasa bwana mwenyewe, ana watu wa kulipa, basi la kukodi, na safari za usiku baada ya usiku, na chupa ndiyo mto wake wa kulalia. Mwaka 1942 madaktari walimweleza ya kwamba ini lake limeharibika. Akarudi jukwaani, kwa kuwa madeni hayakuwa yameugua. Juni 2 ya mwaka huo alikufa, akiwa na miaka 33.

Mwaka 1938 Dorothy Baker alitoa riwaya iliyochochewa na muziki wa Bix, na mwaka 1950 Hollywood wakaifanya filamu, Kirk Douglas akiigiza na Harry James akimpigia tarumbeta nyuma ya pazia. Katika riwaya kijana hufa. Katika filamu anapona, kwa vile mauti hayauzi tikiti. Hapo ndipo ilipopikwa picha ya fundi mlevi anayependeza, na ndiyo hiyo iliyotufikia sisi, ikiwa imepigwa pasi na kunukia marashi. Kijana wa bendi anayeitaka picha hiyo akaitafute santuri ya Februari 1927, aisikilize mara 10, kisha atafute zile za 1930 na kuzisikiliza pia. Masikio yake yatamweleza.