Luka Hakusimulia Safari ya Misri

Ndugu mwandishi wa Mbarara aliyedai gazetini kwamba wakimbizi wa makazi ya Nakivale nchini Uganda, maadamu wengi wao wamekwisha kuitazama filamu ya Yesu ya mwaka 1979 kwa sauti za Kiswahili, hawana tena haja ya kusomewa Injili, amenena jambo asilolichungua. Nami niliyeketi mkekani usiku mmoja kule makazini kuitazama, mbele ya shuka nyeupe iliyofungwa baina ya nguzo mbili, simkubalii hata kidogo. Filamu ile, ambayo kwa wasiojua kusoma ina fadhila kubwa, imefuata Injili ya Luka, naye Luka hakusimulia kukimbilia Misri; habari hiyo imo katika Mathayo, mlango wa pili. Usiku ule mama mmoja wa Kivu, Kongo, mwanawe amemlalia begani, alipoona Yesu amezaliwa na punde yumo hekaluni, kijana wa miaka 12, aliniuliza: “Baba, mbona hawakukimbia?” Nikafungua kitabu, nikamsomea kwa mwanga wa tochi jinsi Yusufu alivyotoka gizani pamoja na mkewe na mtoto, wakiuhofu upanga wa Herode. Akaniomba nirudie. Nilirudia mara tatu.